Zulia la Mama Mapazia

Jumamosi, 4 Mei

Leo wimbo mmoja tumeumaliza mara tano.

Kosa ni la kilemba. Kikao chetu cha jazi kina sheria moja tu, hata mtoto angeishika: mtu akipewa zamu ya kupiga peke yake, akishatosheka anagusa utosi. Akigusa utosi, sote tunarudi kwenye wimbo wenyewe, tunaupiga mara moja, tunafunga. Hakuna kuitana, hakuna kupigiana kelele. Mkono kichwani, basi. Sheria ya Stesheni hiyo, mzee wetu wa tarumbeta. Miaka thelathini na mbili alikuwa bwana stesheni wa reli, kazi yake bendera na mikono, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa Mama Mapazia kaja na kilemba kipya cha hariri, kinateleza. Anaimba kafumba macho kama kawaida yake, kilemba kinashuka, anakipandisha — na sisi hao, tunarudi kwenye wimbo. Anafumbua macho, anatukata jicho, anaanza tena. Kinashuka. Anakipandisha. Mara ya tano Unga, mpiga ngoma wetu, alicheka mpaka fimbo ya ngoma ikamtoka mkononi, ikatumbukia ndani ya piano. Wifi yangu akaichomoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto unaendelea kupiga kama hakuna lililotokea. Wifi ana mambo yake mengi, lakini ule mkono wa kushoto naupigia saluti.

Hakuna aliyemwambia Mama Mapazia kwamba kisa ni kilemba. Mwenye chumba haambiwi. Chumba ni chake, juu ya duka lake la mapazia na mazulia, anatupa bure kila Jumamosi saa nane mchana, duka likishafungwa. Anachotaka ni nyimbo mbili za kuimba. Mwaka wa kumi huu.

Mimi nina mwaka mmoja na nusu tu pale. Klarineti yangu bado inalia kama mlango. Wifi — dada wa mume wangu, mkunga, ndiye aliyenipeleka — anasema kwao wodini kichanga akilia vile hupongezwa mapafu. Asante, wifi.

Niandike na kero zangu, maana hapa hakuna anayesoma. Moja: Unga. Mwokaji mikate, mwili wa kabati, roho ya kifaranga. Ile ngoma kubwa ya mguu anaikanyaga kama anaua nyoka. Mbili: Hesabu, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Kila wiki analivuta besi lake mpaka ubao uleule wa sakafu, katikati ya njia, ukitaka maji ya kunywa sharti uruke. Tatu: Wifi. Anatikisa kichwa akipiga, juu chini, juu chini, kama mjusi ukutani. Nimemwambia. Kasema ni hisia.

Yote nayasamehe kwa ajili ya Stesheni. Anavua viatu mlangoni, soksi anazikunja ndani ya viatu, anatembea peku kwenye zile mbao mpaka mahali pake. Anatutazama mmoja mmoja usoni. Halafu anainua tarumbeta. Leo kwenye zamu yake kapiga sauti tatu, kanyamaza. Kanyamaza mpaka nikadhani kasahau. Kisha ya nne. Ilikaa pale hasa ilipotakiwa, na mimi nikawa natafuta leso. Ana miaka sabini na moja. Kabla sijafa nataka kupiga hivyo. Hata hizo sauti nne tu.

Wakati wa kufunga alinishika bega, akanigeuza. Ndivyo alivyo: ukisema naye kwa pembeni anakugeuza taratibu. Niangalie, mwanangu, maneno yana uso. Adabu ya watu wa zamani, naipenda. Akasema tarehe kumi na nane tunatimiza miaka kumi, na siku hiyo zamu ya kwanza kwenye "Ngoja Chai" ni yangu. Wimbo wake mwenyewe huo, aliutunga kwenye benchi la stesheni. Nikasema baba, mimi siwezi. Akasema hakuuliza kama naweza.

Jumatano, 8 Mei

Leo nimeitwa kutengeneza cherehani kiwandani, kwenye sare za shule. Cherehani arobaini zinakwenda kwa pamoja, ukisema neno unalimeza mwenyewe. Msimamizi ananielekeza kwa vidole: moja inagonga, haijulikani ipi. Nikapita safu nzima na kiganja juu ya meza. Ya kumi na saba. Pini imelika. Msimamizi akanitazama kama mganga.

Baba alinifundisha hivyo. Sikio la kuambiwa, kiganja cha kujua.

Jioni nimefanya mazoezi saa nzima. Mume wangu akauliza kwa upole kama dirisha limefungwa. Lilikuwa limefungwa. Akauliza na la jikoni.

Jumamosi, 11 Mei

Siku mbaya.

Tumefika, Mama Mapazia kasimama mlangoni mikono nyuma, anacheka peke yake. Tufumbe macho. Tukafumba. Fungueni. Zulia! Ukuta hadi ukuta, rangi ya damu ya mzee, nene kiasi kwamba kifundo cha mguu kinapotea. Zawadi ya miaka kumi, kaitandika wiki moja mapema ili tuizoee. Kalileta yeye, kalikata yeye, piano waliisogeza vijana wa dukani.

Tulishangilia. Kweli kabisa, ni zulia zuri. Nilitaka kulala pale.

Kisha tukaanza, na Stesheni akapotea.

Sijui niandikeje. Aliingia kabla ya wakati. Akasimama, akangoja, akaingia baada ya wakati. Unga alikanyaga ngoma kwa nguvu zote, lile zulia likameza. Hesabu alivuta nyuzi mpaka kidole kikatoka damu. Wifi, kichwa juu chini, nilidhani kitadondoka. Wala haikusaidia. Stesheni alitutazama usoni mmoja mmoja, na mara ya kwanza nikamwona ana hofu. Akawa anarudi nyuma kidogo kidogo mpaka mlangoni, zulia linapoishia. Akapiga wimbo mzima kisigino kimoja kikiwa kizingitini.

Mama Mapazia aliimba zake mbili macho kafumba. Akasema sauti leo imekuwa tamu, haigongi.

Mapumziko tulilaumu kila kitu. Hesabu kalaumu unyevu hewani. Unga kalaumu ngozi ya ngoma. Wifi kalaumu piano, kisha mpiga piano. Hakuna aliyelaumu zulia, na mimi pia sikulaumu. Stesheni alikuwa anavaa soksi. Polepole sana.

Jumapili, 12 Mei

Nimeosha nguo nikiwa na hasira na sijui nimemkasirikia nani. Wifi kapita kuchukua sufuria yake. Nikamuuliza, wifi, mzee ana nini? Akasema uzee. Akasema haraka mno. Akasahau sufuria.

Jumanne, 14 Mei

Stesheni kaja karakanani kwangu na cherehani ya marehemu mkewe. Anataka kumpa mjukuu, kwa hiyo ikaguliwe kwanza.

Nilikuwa kichwa chini ya meza. Nikasema shikamoo, baba, karibu kiti. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikajua kanuna. Nikatoka, uso umejaa grisi, nikasema mara ya tatu, naye papo hapo akatabasamu: marahaba, mwanangu, u mzima?

Hata hapo sikung'amua. Mimi mzito. Ikawa hivi: msaidizi wangu kawasha ile mashine ya kushonea turubai, mngurumo mtupu, huwezi kusikia mawazo yako. Stesheni kaweka kiganja juu ya cherehani ya mkewe, akakanyaga pedali. Akafumba macho kidogo. Akasema, upande wa kushoto, chini, kuna kitu kimelegea. Nikaweka kiganja changu kando ya chake. Kweli. Skrubu moja. Mimi fundi wa miaka ishirini na mbili, kanitangulia.

Nikatazama mkono wake, nikatazama wangu.

Kisha akaniambia alichokuja kuniambia, maana cherehani ilikuwa kisingizio. Jumamosi anakuja kuaga. Atapiga wimbo mmoja akiweza, asipoweza atasema maneno mawili, tarumbeta amwachie Hesabu aliweke shuleni. Nisiwaambie wenzangu, atasema mwenyewe. Umri umefika, akasema. Mtu hujua treni yake ya mwisho.

Nilitaka kusema maneno mia. Nikasema cherehani itachukua wiki mbili. Ilihitaji bisibisi na dakika mbili, lakini kama ipo kwangu, itabidi arudi.

Usiku huu nimepanga kila kitu mstarini. Miguu peku. Maneno yana uso. Mkono utosini badala ya kuitana. Mbao zile za zamani, zinazopeleka kila mdundo mpaka kwenye nyayo. Stesheni hasikii. Sijui kabakiza kiasi gani, labda kidogo upande mmoja, labda hakuna. Tarumbeta lake mwenyewe analijua kwa midomo na meno. Sisi wengine anatusikia kwa miguu.

Na anapiga vile! Mimi nina masikio mawili mazima na nalia kama mlango.

Nimelia kidogo. Mume wangu akadhani ni mazoezi, akaja kuniambia leo kuna nafuu.

Alhamisi, 16 Mei

Siri si yangu. Siwezi kumwambia Mama Mapazia. Lakini zulia litoke kabla ya Jumamosi.

Nimekwenda dukani mchana, nikakohoa. Nikakohoa tena. Nikasema mama, samahani, lile zulia linanikohoza, labda vumbi. Akanikumbatia. Pole, mdogo wangu. Akasema vumbi si la zulia, linapanda kwenye nyufa za mbao, yeye tayari kashalifikiria. Jumamosi analeta sponji nene ya kutandika chini yake.

Sponji. Nimekwenda kuzima moto, nikaongeza kuni.

Nikasema usijisumbue, umetufanyia mengi. Hapo akaacha kukunja kitambaa. Akasema tangu mumewe atangulie, kile chumba cha juu kilikuwa kimya, akipanda ngazi anasikia viatu vyake tu. Sisi ndio tuliokirudishia watu. Na kila Jumamosi anamwona yule mzee peku juu ya mbao baridi, miguu ya umri ule, ana uchungu naye. Hajui kama ana viatu vinavyombana au ni nadhiri, haulizi. Zulia kasema la wote, lakini ukweli kamtandikia Stesheni.

Nikakohoa, safari hii kweli.

Nani atamwambia mtu kama huyu? Mwisho atatuambia shukrani ya punda ni mateke, na itakuwa haki yake kutusema.

Ijumaa, 17 Mei

Nimechukua chupa ya mafuta ya cherehani, ile nzito, isiyotoka kwa sabuni. Kesho nafika mapema, saa sita na nusu. Ufunguo uko chini ya chungu cha maua ngazini. Nitajikwaa. Klarineti mkono mmoja, chupa mkono mwingine, bahati mbaya, jamani. Zulia likiharibika lazima liondolewe. Nitalilipa hata kwa miaka mitatu.

Mama Mapazia atanichukia. Sawa.

Jumamosi, 18 Mei

Naandika nikiwa kwenye kikao. Mikono haina pa kukaa, afadhali ishike kalamu. Saa nane na dakika ishirini.

Nianzie mwanzo.

Saa sita na nusu nimepanda ngazi kwa ncha za vidole, chupa kwapani. Ufunguo haupo chini ya chungu. Mlango uko wazi. Ndani, Unga. Kapiga magoti katikati ya zulia na ndoo ya maji na mfuko wa unga wa kilo tano. Tukatazamana. Akasema alikuwa anapita. Nikasema na mimi. Akatazama chupa yangu. Akasema hiyo ni nini? Nikasema, na hiyo?

Ngazi zikalia. Hesabu, amebeba barua ya kurasa mbili aliyoipiga chapa, ina michoro, kuhusu mazulia na hatari ya kuvu kwa ala za mbao. Alitaka kuibandika mlangoni. Kutuona akaikunja, akaitia mfukoni, akatuuliza habari za familia.

Wa mwisho Wifi. Kikapu mkononi, kimefunikwa kanga. Kikapu kikalia nyau.

Nikasema wifi. Akasema paka wa jirani, ana tatizo la mkojo. Tumbo lake lilikuwa limejaa maji tangu asubuhi, Wifi kamnywesha mwenyewe. Mkunga ni mkunga.

Tukacheka mpaka Unga akakaa ndani ya ndoo. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, kila mtu akamtazama mwenzake, na nikauliza taratibu: tangu lini mnajua?

Unga tangu mwaka wa tatu wa kikao. Aliona Stesheni anamtazama mguu, si mikono. Tangu hapo anakanyaga ngoma kwa nguvu zake zote ili mbao zimpelekee. Goti linamuuma, hulikanda kwa maji ya moto kila Jumapili. Hesabu mwaka wa tano. Alipima. Ule ubao wa katikati ya njia ndio unaokwenda moja kwa moja mpaka miguuni kwa mzee, mwingine wowote haufiki vizuri. Wifi tangu mwaka wa pili, na kichwa chake cha mjusi si hisia. Ni saa ya mzee.

Miaka yote hiyo. Kila mmoja akidhani anajua peke yake, kila mmoja akimlinda mzee na hao wengine. Na mimi nikikaa pale na kero zangu tatu. Sasa sijui nizifiche wapi. Nikawaomba radhi. Unga akauliza ya nini, nikashindwa kusema nyoka.

Ndipo nikawaambia kwamba leo anakuja kuaga. Niliahidi kunyamaza, nimevunja, na ningevunja tena.

Hatukumwaga chochote. Hakuna aliyeweza. Kila mtu alikumbuka yule mama alivyofungua mikono: fungueni macho. Tukalikunja tu, polepole, piano tukaiinua sisi wanne, paka akatoroka kikapuni, zulia likawa gogo refu kando ya ukuta. Tukakaa juu yake kama watoto waliovunja chungu, tukitafuta tuseme uongo wa nani kati yetu wanne.

Saa nane kamili tukasikia ngazi. Watu wawili, wanahema. Mama Mapazia akatangulia, kinyumenyume, ameshika ncha moja ya sponji. Ncha ya pili kaishika Stesheni. Mzee wa watu kasaidia kubeba! Amevaa suti yake ya reli, vifungo vyote, viatu vimeng'arishwa. Kasha la tarumbeta limening'inia mgongoni.

Mama Mapazia akageuka. Akaona mbao.

Akauliza nani kakunja zulia lake. Hakupaza sauti, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Hesabu akagusa mfuko wa barua. Wifi akasema nyauu, hapana, ni paka aliyesema, chini ya piano. Mimi nikakohoa.

Stesheni aliweka sponji chini. Akatazama sakafu. Akamtazama Unga, mguu wake. Akamtazama Hesabu, na lile besi lililokwisha kusimamishwa kwenye ubao wake. Akamtazama Wifi. Akanitazama mimi, kwa muda mrefu, nami sikuinamisha uso, maana maneno yana uso. Akajua. Nilimwona anajua.

Akainama, akafungua kamba za viatu. Akakunja soksi ndani. Akamwambia Mama Mapazia, mama, twende chini mara moja, nina neno na wewe, nililopaswa kulisema zamani. Wakashuka. Viatu viko pale mlangoni.

Dakika ishirini zimepita. Hatusikii chochote kutoka dukani. Hatujui tuna chumba au hatuna. Hatujui kama kashuka kueleza au kuaga kwanza kwa mwenye nyumba, ndiyo heshima ilivyo.

Unga kakaa kwenye ngoma. Anakanyaga polepole, moja, moja, moja. Anasema mbao hizi ndizo dari ya duka. Hesabu kaingia naye. Wifi kaingia, kichwa juu chini, ingawa hakuna wa kumtazama. "Ngoja Chai." Zamu ya kwanza ni yangu na mate yamenikauka.

Ngazi.

Ni wawili. Lakini sisikii viatu. Nasikia nyayo tupu, jozi mbili.

Mama Mapazia kafika mlangoni. Macho mekundu. Kilemba kiko begani. Viatu vyake kavishika mkononi. Anaviweka chini, kando ya vile vingine, anakanyaga ubao wa kwanza, anasimama, anatazama miguu yake. Stesheni yuko nyuma yake, anafungua kasha. Ananitazama mimi. Naweka kalamu —